Mzee yuko kliniki kila mwezi, sonona yake haijulikani

Watu wengi wanaamini mzee mwenye sonona (depression) hujifungia ndani na haendi hospitali. Ukikaa asubuhi moja tu kwenye benchi la kliniki ya presha na sukari utaona kinyume chake. Wazee hawa wanaenda, tena wengine wanaenda kuliko wenzao. Wanapeleka mgongo, kichwa, ganzi ya miguu, kiungulia, "gesi", moyo unaodunda usiku wa manane. Wanatoka na dawa ya UTI, dawa ya vidonda vya tumbo, diclofenac ya mgongo na vitamini za mishipa. Wiki tatu baadaye wanarudi, au wanahamia kituo kingine na daftari jipya, na safari ya vipimo inaanza upya.

Kwa hiyo sikubaliani sana na kampeni zinazoishia kuwahimiza wazee wafike vituoni. Wameshafika. Ndani ya ziara hiyo hakuna mtu mwenye jukumu la kuwauliza, na hapo ndipo kazi ilipo.

Chukua ziara ya kawaida katika hospitali ya wilaya Tanzania Bara. Mzee wa miaka 71 ametoka nyumbani alfajiri bila kutia kitu mdomoni kwa sababu ameambiwa atapimwa sukari. Saa moja daftari lake limeingia kwenye rundo. Saa tatu amepimwa presha. Uzito haukupimwa, mizani imeazimwa chumba cha jirani. Saa tano ameingia kwa daktari.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Hivyo hivyo, tunasukuma siku."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Presha bado iko juu. Nakuongezea nyingine."

Dakika nne zimekwisha. Kama daktari angefunua daftari kurasa sita nyuma angekuta kilo 64 za mwezi wa kwanza na kilo 57 za mwezi wa sita. Angeona pia kwamba mahudhurio mawili yalirukwa, na kwamba diazepam ya usingizi imeandikwa mara tatu na watu watatu tofauti. Presha ile huenda haikuhitaji dawa ya nyongeza. Mtu mwenye sonona husahau dawa, huzipuuza, au huziacha kwa makusudi, kisha kwa adabu humwambia daktari kwamba anameza. Dawa ya pili ikiongezwa, halafu binti akaja likizo na kuanza kumsimamia azimeze zote, presha inashuka ghafla na mzee anaanguka akielekea chooni.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba asilimia 5.7 ya watu wenye zaidi ya miaka 60 wana sonona. Kliniki ya magonjwa sugu itakuwa na wengi zaidi ya hapo, maana kisukari, maumivu ya viungo na kiharusi huvuta sonona. Kati ya waliopata kiharusi pekee, karibu theluthi moja huipata.

Mzee hatasema "nina huzuni". Amelelewa akijua mtu mzima halalamiki, na amejifunza kuwa kiungo kinachouma hupewa dawa lakini moyo mzito hupewa nasaha. Tafuta dalili kwenye mwenendo. Aliyekuwa hakosi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, redio yake sasa haina betri na hajali. Hafungii kuku. Anaamka saa tisa usiku na halali tena. Chakula anakisogeza tu kwenye sahani. Hoja ndogo inamkasirisha, hasa wanaume, ambao hasira hujitokeza kabla ya machozi. Na ukisikia mzee aliyekuwa mstari wa mbele kwenye kila msiba wa mtaa ameacha kwenda misibani bila ugonjwa wa kumzuia, hiyo peke yake inatosha kumpeleka akaulizwe.

Maswali yenyewe ni mawili, na yanaingia ndani ya dakika mbili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au umekata tamaa? Kila jibu lina alama: hakuna kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku hizo 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3, endelea na maswali saba yaliyobaki ya dodoso la PHQ-9: usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujilaumu, umakini, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mawazo ya kufa. Jumla yake ni kati ya 0 na 27. Kuanzia 10 ni sonona ya kushughulikiwa, kuanzia 15 ni nzito, na kuanzia 20 ni kali sana.

Linaloharibika mara nyingi ni namna ya kuuliza. "Zaidi ya nusu ya siku" ni hesabu inayomchanganya mtu yeyote mwenye njaa tangu alfajiri. Mpe kituo anachokikumbuka: "Tangu Ijumaa ya wiki ya juzi mpaka leo, siku mbaya zimezidi nzuri, au nzuri zimezidi?" Uliza kwa lugha anayoota nayo. Kama ni Kisukuma au Kihaya na wewe hukijui, mtafute muuguzi anayekijua, usimtumie mkwe wake. Kaa upande wa sikio linalosikia, sema polepole bila kupiga kelele, maana kelele chumba kizima kinasikia. Na mlezi lazima atoke. Njia isiyoleta ugomvi ni kumtuma akapange foleni ya dawa. Mzee hawezi kusema "nimekuwa mzigo" mbele ya mtu anayembeba.

Upungufu mwingine wa PHQ-9 kwa wazee ni kwamba usingizi mbovu, uchovu na kukosa hamu ya kula vinaweza kutokana na moyo, figo au sukari, kwa hiyo alama hupanda bila sonona. Ukiwa na nafasi, kipimo cha sonona cha wazee kiitwacho GDS, chenye maswali 15 ya ndiyo na hapana ni chepesi zaidi kwa mzee asiyesoma, na hakiulizi sana habari za mwili. Alama 5 na kuendelea zinataka uchunguzi.

Kabla ya kutamka sonona, ondoa yanayofanana nayo. Hapa ningetumia muda mrefu kuliko kwenye dodoso. Pima wingi wa damu, sukari, figo na chumvi ya sodiamu, na homoni ya tezi ya shingo pale kipimo kilipo. Aliyepungua uzito achunguzwe kifua kikuu. VVU apimwe bila haya, kwa sababu wazee ndio kundi ambalo wahudumu huona aibu kuwapima. Aliyetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, akawa mchovu, msahaulifu na mwenye ganzi. Kagua dawa pia: methyldopa, ambayo bado hutolewa kwa presha, na prednisolone zinaweza kuleta sonona. Pombe iulizwe kwa kiasi na aina, maana "kidogo tu" ya mbege na ya gongo si sawa.

Halafu kuna kuchanganyikiwa. Mzee aliyebadilika ndani ya saa au siku chache, leo anakujua jioni hakujui, ana dharura ya mwili: maambukizi, sukari kushuka, mkojo kuziba, kiharusi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, habari ya sonona isubiri. Usahaulifu unaokuja taratibu kwa miezi na miaka unaelekea kwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu; utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013 uliukuta kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi. Sonona huja ndani ya wiki chache. Kuna tofauti inayosaidia mezani: mwenye sonona ukimuuliza leo ni siku gani husema "sijui, niache", mwenye ugonjwa wa kumbukumbu hujitahidi kujibu na hukosea. Si kanuni, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Kufiwa nako kuna mtego wake. Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi, na katika muda huo kila anachofanya ndugu hukieleza kwa eda. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Mjane hulia, kisha akimwona mjukuu hucheka, na chakula kinapita. Asiyekula, anayejilaumu kwa kila kitu, anayesema angetangulia yeye, asisubiri eda iishe. Mhudumu wa afya anaweza kumfuata nyumbani, na kutoka kwa ajili ya matibabu si jambo linalokatazwa.

Sasa dawa, ambako makosa huumiza kuliko kote. Vituo vingi vya chini vina amitriptyline, kwa hiyo ndiyo inayoandikwa. Kwa mzee ni dawa ya kuogopa. Inakausha mdomo, inafunga choo, inaziba mkojo kwa mwenye tezi dume, inapandisha presha ya jicho kwa mwenye glakoma, inavuruga mapigo ya moyo na inamwangusha usiku. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, wa kutibu magonjwa ya akili kwenye vituo visivyo na bingwa, unasema isitumike kwa mwenye ugonjwa wa moyo, na kwa wazee unapendelea fluoxetine. Ikilazimu amitriptyline, anza na isiyozidi 25 mg usiku na upandishe taratibu. Mpe vidonge vya wiki moja au mbili tu, kwa sababu vikimezwa vingi kwa pamoja vinaua. Kabla hujaanza pima presha amelala, kisha amesimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, usianze dawa hiyo.

Fluoxetine huanza na 10 mg asubuhi kwa wiki moja, kisha 20 mg. Kikwazo ni kwamba duka mara nyingi lina kapsuli za 20 mg tu, na kapsuli haikatwi. Suluhisho ni kumeza moja siku moja, kuruka siku moja, kwa wiki ya kwanza. Dawa hii hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo haileti shida. Asubuhi na si usiku, maana inaweza kuondoa usingizi.

Mambo matatu ya kuangalia kwa anayemeza fluoxetine. Kwanza, akiwa pia anameza dawa ya presha ya kukojosha kama bendroflumethiazide au hydrochlorothiazide, sodiamu inaweza kushuka ndani ya wiki chache za mwanzo. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kuyumba na kuchanganyikiwa si "dawa imemkataa" tu, apimwe damu. Pili, ikiwa pamoja na aspirin, diclofenac au ibuprofen, tumbo linaweza kutoka damu. Choo cheusi kama lami ni cha kukimbilia hospitali. Tatu, asipewe tramadol ya maumivu juu yake bila daktari kujua. Diclofenac yenyewe, kwa mzee mwenye presha, ningeiondoa hata kama sonona isingekuwepo.

Dawa hizi za sonona hazifanyi kazi wiki ya kwanza. Nafuu huonekana kati ya wiki ya nne na ya sita, wakati kichefuchefu na wasiwasi huja siku za mwanzo. Mzee anapata ubaya kwanza na uzuri baadaye, kwa hiyo wengi huacha wiki ya pili na kusema haikumfaa. Asipoelezwa hili mapema, dawa zote ni kazi bure. Miadi ya kwanza iwe baada ya wiki mbili. Ya mwezi mmoja imechelewa, keshaacha. Kama hawezi kusafiri, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au simu ya muuguzi itafaa: anameza, anakula, amewahi kuanguka, mawazo ya kufa yakoje.

Diazepam haitibu sonona. Inampa usingizi wiki mbili, kisha inampa utegemezi na nyonga iliyovunjika. Aliyeizoea kwa miezi apunguziwe kidogo kidogo, asikatwe ghafla.

Kwa sonona nyepesi dawa si hatua ya kwanza. Mazungumzo yaliyopangwa hufanya kazi, na hayahitaji daktari. Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na benchi za mbao nje ya zahanati, ambako bibi waliofunzwa wanakaa na mgonjwa, wanaorodhesha matatizo yake, wanachagua moja na kulitafutia hatua ya wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha nafuu iliyodumu hadi miezi sita. Nyumbani unaweza kuanza na ratiba ndogo: jambo moja la mwili na jambo moja la watu kila siku, kwa saa maalumu. Kutembea mpaka kwa jirani na kurudi saa kumi na moja jioni. Kukaa kwenye bao hata kama hachezi. Kikundi cha kuweka na kukopa siku ya Jumatano. Kosa la kawaida la watoto wenye upendo ni kumnyang'anya kazi zote: "Mama pumzika, usiguse kitu." Aliyezoea kuchambua mchele na kuamua nini kipikwe anabaki hana sababu ya kuamka. Mrudishie kazi anayoiweza.

Kuna wazee ambao hawana nafasi hata ya kupumzika. Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa 1983, bibi wengi waliwazika watoto wao na kuanza upya kulea wajukuu. Kumwambia bibi huyo apunguze mawazo wakati sare ya shule haijanunuliwa ni kumtania. Ustawi wa jamii na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ni sehemu ya matibabu yake, na barua ya kumtambulisha huko iandikwe siku hiyo hiyo pamoja na cheti cha dawa.

Gharama. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na msamaha wa matibabu unawalenga wasiojiweza. Njia ya kawaida ni barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa yenye picha na mhuri, kisha ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, kisha kitambulisho. Inakwama pale jina la kitambulisho cha taifa ni moja na la daftari ni lingine, Mama Fulani. Inakwama tena kwenye dirisha la dawa, kwa sababu msamaha unamhusu daktari na kipimo lakini dawa ikiwa haipo mzee anaelekezwa duka la nje. Kabla ya kutoka chumbani muulize daktari, "Hii ipo dirishani kwetu leo?" Kama haipo, abadilishe hapo hapo. Wilaya nyingi zina mratibu wa afya ya akili, ulizia namba yake ya ofisi hospitalini. Neno rufaa likitajwa mzee huwaza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, na huzima. Mweleze kwamba sonona nyingi hutibiwa hapo hapo alipo.

Mganga wa kienyeji, sheikh na mchungaji wataonwa, mara nyingi kabla ya daktari. Kubishana nao ni kumpoteza mgonjwa. Ombi liwe moja: asiambiwe aache dawa, na mitishamba ya kunywa itajwe kliniki.

Mawazo ya kufa yaulizwe waziwazi, kila ziara. Kuuliza hakumtii mtu wazo. Wazee husema kwa kuzunguka: "Mungu anichukue tu", "nimeshamaliza", au wanakataa chakula na dawa kimya kimya, au wanagawa vitu na kulipa madeni kwa haraka isiyoelezeka. Muulize, "Umewahi kufikiria kujitoa uhai? Umepanga namna gani?" Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata chooni, na apelekwe hospitali siku hiyo. Nyumbani, dawa za mashamba na sumu ya panya zitoke au zifungiwe kwa jirani, na vidonge vyote vishikwe na mtu mmoja. Familia nyingi huficha kwa hofu ya polisi, na hofu hiyo ina msingi: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ingawa Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226 kinakwenda kinyume na katiba. Hofu isikuzuie. Hospitali ipo kwa ajili ya kutibu, na anayekuja na mawazo tu hajatenda kosa lolote.

Siku ya kliniki, mlezi abebe mfuko wenye dawa zote zilizomo nyumbani, hadi zile za jirani na za mitishamba, na madaftari yote ya vituo vyote. Aandike kwenye karatasi mistari mitatu: kilichobadilika, tangu lini, na uzito wa zamani kama unajulikana. Mistari mitatu inasomwa, ukurasa mzima hausomwi.

Akipata nafuu, dawa haiachwi. Inaendelea kwa miezi 9 hadi 12 tangu dalili ziishe, kwa dozi ile ile iliyomponya, kisha inapunguzwa taratibu kwa wiki nne au zaidi. Amitriptyline ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu na kukosa usingizi, na familia hudhani sonona imerudi. Aliyewahi kuugua mara kadhaa huenda akahitaji kumeza kwa muda mrefu zaidi. Hilo liamuliwe na daktari anayemjua. Baada ya kuacha, aulizwe yale maswali mawili kila tarehe ya presha, na majibu yaandikwe daftarini kwa namba, kando ya uzito.